Ndovu, Njia na Kete: Taarikhi ya Dola Ndani ya Ubao

Chini ya kilima cha Mengo, palipo na Lubiri, yaani kasri ya Kabaka wa Buganda, pana mtaa wa Katwe, ambao kwa miaka mingi umejulikana mjini Kampala kwa wahunzi na mafundi wake wa kila namna. Na katika masafa hayo mafupi, yasiyomchosha mwenda kwa miguu, hukutana michezo miwili ya vita iliyotoka pande mbili za dunia zilizo mbali sana: omweso, mchezo wa baraza za wakuu wa Buganda, na sataranji, iliyopita katika mikono ya Waajemi kabla ya kuenea ulimwenguni. Ubao wa sataranji una nyumba 64, na ubao wa omweso una kete 64, na kila mmoja ni mfano wa dola inayopigana na dola nyingine. Mwenye kutunga mchezo wa namna hii, awe ni mshauri wa mfalme wa kale au kijana wa leo aliyekaa mbele ya kompyuta, husimama baina ya wadai wawili: taarikhi, isemayo kwamba majeshi hayakuwa sawa kamwe, na mchezo, usemao kwamba yasipokuwa sawa hakuna atakayekubali kuketi upande wa pili. Namna wadai hao walivyopatanishwa zamani inafaa kuchunguzwa, kwa maana wako waliowapatanisha kwa kuikata taarikhi, na wako waliowapatanisha kwa kuifahamu zaidi.

Ipo risala fupi katika lugha ya Kipahlavi, iliyokuwa lugha ya Waajemi wa zama za Wasasani, isimuliayo kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi alimpelekea Khosrow Anushirwani, aliyetawala tangu mwaka 531 hata mwaka 579, ubao pamoja na vipande 32, vipande 16 vikiwa vya zumaridi na 16 vya yakuti nyekundu, akataka wenye hekima wa Uajemi wafumbue namna ya kuvicheza au mfalme wao akubali kulipa kodi. Na waziri Bozorgmehr akalifumbua fumbo hilo, kisha akabuni mchezo wa nardi, akaupeleka Bara Hindi uwe fumbo la kujibu fumbo. Hadithi hii, ambayo mshairi Ferdowsi aliitia tena katika Shahnama, kitabu alichokimaliza mwaka 1010, haina budi kusomwa kama hadithi. Walakini ndani yake imo fikira kubwa. Katika maelezo ya Bozorgmehr, ubao wa nardi ni mfano wa ardhi, vipande 30 ni michana na usiku wa mwezi mzima, na kugeuka kwa dado ni kugeuka kwa falaki za mbinguni. Waajemi hao waliona kwamba mchezo ni ulimwengu uliopunguzwa hata ukaenea juu ya meza, na kwamba hikima yote imo katika kuchagua kitakachobaki na kitakachoachwa.

Jeshi la sataranji lilitoka Bara Hindi likiwa na mafungu manne, yaani askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita, na Waajemi walilipokea pasipo taabu, kwa kuwa Wasasani wenyewe walikuwa wakienda vitani na ndovu. Juu ya vita vya Qadisiyya, vilivyopiganwa mwaka 636, wapokezi wa Kiarabu, al-Tabari akiwa miongoni mwao, wameeleza jinsi ndovu wa jemadari Rustam walivyowatia hofu farasi wa Waislamu na kuzivuruga safu zao, hata ikabidi zitafutwe hila za kuikata mikanda iliyofunga vibanda migongoni mwa wanyama hao na kuwachoma macho kwa mikuki. Mtazame sasa ndovu huyo alivyofanywa katika sataranji ya kale: aliruka nyumba mbili kwa mshazari, si moja wala si tatu, na kwa sababu hiyo, katika nyumba zote 64, alikuwa na nyumba 8 tu ambazo mguu wake uliweza kuzifikia, na kwa kuwa ndovu wanne wa pande zote mbili walikuwa kila mmoja na nyumba zake 8 asizozikanyaga mwenziwe, ndovu hakuweza kamwe kumla ndovu. Mnyama aliyevunja safu za wanaume Qadisiyya akawa kipande dhaifu kuliko farasi, kinachotisha mara chache na kusahauliwa mara nyingi. Mimi naona kwamba hapa taarikhi ilikatwa kwa makusudi mema, maana ndovu wa kweli akiachiwa nguvu zake zote juu ya meza, vipande vingine vyote vitakuwa watazamaji. Lakini ilikatwa kwa amri tu, kwa kuwa kanuni yenyewe haikueleza kwa nini ndovu adhoofike.

Usawa wa vipande 16 kwa vipande 16 nao ni wa namna hiyo hiyo. Wasasani walioshindwa Qadisiyya walikuwa wametoka katika vita na Warumi vilivyodumu tangu mwaka 602 hata 628, hazina imekauka na mashamba yameharibika, na baada ya kuuawa Khosrow wa Pili katika mwaka huo wa 628 kiti cha enzi kilipita kwa watawala kadhaa katika miaka minne, hata kikamfikia Yazdegerd wa Tatu angali kijana. Hayo yote hayaonekani ubaoni, wala hayawezi kuonekana pasipo mmoja wa wachezaji kuinuka na kwenda zake.

Na hata hivyo iko kanuni moja katika sataranji ya kale ambayo mtu akiisoma pamoja na taarikhi ya Yazdegerd hushangaa kwa ukweli wake. Mchezaji aliweza kushinda kwa kumfunga shah, yaani mfalme, kama ilivyo leo. Lakini aliweza pia kushinda kwa kumla shah jeshi lake lote hata abaki peke yake, ijapokuwa hapana aliyemgusa. Yazdegerd alitoka katika mji wake wa Ctesiphon, akapoteza jeshi jingine Nahavand mwaka 642, akawa ahama kutoka jimbo hata jimbo akielekea mashariki, na kila liwali aliyemkaribisha akimwona ni mzigo, mpaka alipouawa karibu na Merv mwaka 651, nyumbani kwa msaga nafaka. Sisemi kwamba kanuni ya shah aliyevuliwa jeshi ilitokana naye. Nasema tu kwamba kanuni hiyo inaujua ufalme ulivyo, kwamba mfalme asiye na watu amekwisha kushindwa ingawa taji lingali kichwani, na kwa kulijua hilo inawapa wachezaji njia nyingine ya ushindi pasipo kumdhulumu yeyote. Hapa wadai wawili wamelipwa kwa fedha moja.

Mabingwa wa Baghdad katika zama za Bani Abbas, kama al-Adli wa karne ya tisa na as-Suli aliyefariki mwaka 946, walivikuta vipande hivi vizito na vya mwendo wa taratibu, hata mwanzo wa mchezo ukawa mrefu kupita kiasi. Basi wakazitunga tabia, yaani mipango maalumu ya jeshi, kila mmoja akipanga safu zake apendavyo kabla mapigano hayajawaka. Halafu, katika Ulaya ya kusini, mwishoni mwa karne ya kumi na tano, wachezaji wakachoshwa kabisa na ule mwendo wa pole: ndovu akapewa mshazari mzima, na waziri, aliyekuwa akienda nyumba moja tu kwa mshazari, akageuzwa malkia mwenye kwenda kila upande. Mabadiliko hayo yaliletwa na haja ya mchezo, nayo yaliufanya mchezo kuwa mzuri zaidi huku yakiufuta Uajemi ndani yake, hata leo mtoto anaweza kuucheza ujana wake wote asijue kwamba ameshika dola ya Wasasani mkononi.

Omweso ulichukua njia nyingine, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atue nami kidogo. Ubao wake una safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, ambazo Waganda huziita empiki, mbegu ngumu nyeusi zinazong'aa kwa kushikwa. Msomaji wa pwani atautambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa bao letu la kete, lenye mashimo 32 na komwe 64 vilevile, ingawa bao lina nyumba, yaani shimo maalumu la kila mchezaji, na lina namua, yaani hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, mambo ambayo omweso hauna. Mchezaji huchota kete za shimo moja, akazisambaza moja moja akizunguka upande wake. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo lenye kete kwenye safu ya ndani, na mashimo mawili ya adui yaliyokabiliana nalo yote yakiwa na kete, huzichukua kete hizo zote na kuzisambaza upande wake, akianzia pale alipoanzia mzunguko ulioleta ushindi huo.

Katika ubao huu, unaochezwa katika nyumba za wafalme, hakuna mfalme. Hakuna waziri, wala ndovu, wala farasi. Kete zote ni sawa, na hapana moja ambayo ikipotea vita vimekwisha. La pili, na hili ndilo lililo kubwa, kete iliyotekwa haifi. Katika sataranji aliyeliwa hutolewa ubaoni akawekwa kando, lakini katika omweso mateka huwa jeshi la aliyemteka, na kete 64 zilizoanza ndizo kete 64 zinazomaliza. Dola moja imenenepa na nyingine imekonda. Mtu anayejua habari za Buganda ya karne ya kumi na tisa, ambayo majeshi yake yalikwenda Bunyoro, Busoga na kwingineko na kurudi na ng'ombe pamoja na mateka, hasa wanawake na watoto, waliogawanywa katika nyumba za wakuu na kukua humo wakiwa watu wa Buganda, hawezi kukosa kuona kwamba kanuni hii yaeleza vita vya nchi za maziwa makuu kwa usahihi ambao sataranji haina. Vita katika nchi hizi vilikuwa vita vya kupata watu, na ubao umeyaweka hayo bila kutaja jina la mtu wala la mahali.

Kisha itazamwe namna ya kushindwa. Shimo lenye kete moja haliwezi kuchezwa. Yahitajiwa kete mbili au zaidi ili mtu aweze kusambaza. Kwa hiyo anayeshindwa si lazima awe amenyang'anywa kila kitu: huenda ana kete nyingi bado, lakini zimetawanyika moja moja, kila moja katika shimo lake, na hakuna mahali palipo na mkusanyiko wa kuanzisha mwendo. Zipo njia nyingine za ushindi wa haraka, kama ule uitwao emitwe ebiri, ambapo mchezaji kwa zamu moja hukata ncha zote mbili za adui, nao huhesabiwa ushindi wa fahari. Lakini ushindi wa kawaida ni huu wa kumwacha adui akiwa na watu wasioweza kukutana. Mtawala yeyote aliyewahi kuitunza nchi yenye vilima na vinamasi vingi kama Buganda angelifahamu fundisho hilo pasipo kufasiriwa.

Wachezaji wa omweso, kama wale mabingwa wa Baghdad, wana hiari ya kupanga kete zao kama wapendavyo kabla ya vita, na katika mpango huo ndimo umahiri wa mtu unamoonekana kwanza. Usawa uliopo ni wa idadi tu, kete 32 kwa kete 32. Mengine yote mchezaji ameachiwa. M. B. Nsimbi, mwanazuoni wa Kiganda, aliuandikia mchezo huu risala iliyotolewa mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya falme za Uganda kufutwa kwa sheria, na Kabaka Mutesa wa Pili akiwa uhamishoni Uingereza. Kasri ilikuwa imeshambuliwa mwezi wa Mei 1966 na jeshi lilikuwa limekaa ndani yake. Lakini mchezo wa kasri, kwa kuwa hauna mfalme ndani yake, uliendelea kuchezwa chini ya miti na mbele ya maduka kama kwamba hapana lililotokea.

Watu wa pwani waliingia Buganda katika zama za Kabaka Suna, wakati wafanyabiashara kama Ahmed bin Ibrahim walipofika takriban mwaka 1844 wakileta nguo, bunduki na habari za Uislamu, na mwanawe Suna, Mutesa wa Kwanza, akajifunza Kiarabu na Kiswahili na kufunga Ramadhani miaka kadhaa. Sataranji ya sasa ya Kampala, hata hivyo, haikuja nao bali ilikuja kwa njia ya Ulaya, na mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe. Phiona Mutesi, aliyetoka miongoni mwao, alichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010 na ya Istanbul mwaka 2012, na filamu juu yake, iliyoongozwa na Mira Nair, ilitoka mwaka 2016. Wengi wameisimulia habari hiyo, nami naipita.

Nimeileta mizani hii ya zamani kwa sababu ya michezo ya kompyuta, ambayo vijana wa Kampala huicheza kwa shauku, na ambayo mingine huachwa wazi ili mwenye ujuzi aigeuze na kuongeza dola aitakayo. Uajemi umo karibu katika yote. Katika Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999, Waajemi wana ndovu wa vita mwenye nguvu kuliko wapanda farasi wote, naye amefanywa mzito wa mwendo na ghali wa kununua. Ni ndovu yule yule wa nyumba 8, amekatwa kwa kisu kingine. Katika 0 A.D., unaotungwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure, wamo Waajemi wa kale zaidi, wa nasaba ya Koreshi na Dario. Na anayewageuza Waajemi hawa hukutana na mtego ambao ni mkongwe kuliko kompyuta, nao ni kwamba habari nyingi za dola hiyo zimeandikwa na adui zake. Herodotus, mwandishi wa taarikhi wa Kigiriki, ameandika kwamba jeshi la miguu la mfalme Xerxes, lililovuka kwenda Ugiriki mwaka 480 kabla ya miladi, lilikuwa na watu 1,700,000, hesabu ambayo wanahistoria wa leo hawaikubali. Na kutokana na hesabu kama hizo ikazaliwa sura ya Mwajemi kuwa ni umati, askari wa rahisi, wengi na dhaifu, wanaoanguka mbele ya Wagiriki wachache. Mtunzi wa mchezo huipenda sura hiyo kwa kuwa inampa usawa wa bure: hawa wengi na dhaifu, wale wachache na hodari. Ni usawa uliojengwa juu ya dhuluma.

Nguvu ya Waajemi wale ilikuwa mahali pengine, na Herodotus huyo huyo ameieleza. Dario, aliyetawala tangu mwaka 522 hata 486 kabla ya miladi, aliigawa dola katika majimbo 20, kila moja na liwali wake na kodi yake. Na njia ya mfalme, kutoka Sardis karibu na bahari ya Ugiriki hata Susa, ilikuwa na vituo 111, mwendo wa siku 90 kwa mwenda kwa miguu, ambao tarishi wa mfalme, wakipokezana farasi, waliukata kwa siku chache sana. Mwaka 1933 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua Persepolis, mji wa wafalme hao, maelfu ya vibao vya udongo, na ndani yake zimo hesabu za unga, pombe na nafaka waliyopewa wasafiri wa njia hizo kwa idhini yenye muhuri. Dola iliyoogopwa na ulimwengu ilisimama juu ya hesabu za unga wa wasafiri.

Mkaazi wa Kampala hahitaji kwenda Persepolis kulifahamu jambo hili. Speke, msafiri wa Kiingereza, alipofika Buganda mwaka 1862, alistaajabia njia pana zilizonyooka, zikipanda vilima na kuvuka vinamasi. Na kila mkuu wa saza, yaani jimbo, alipaswa kuitunza njia itokayo makao ya Kabaka hata makao yake yeye, na boma lake katika mji mkuu liliwekwa upande unaoelekea saza lake, hata ramani ya mji ikawa ramani ya nchi. Kwa njia hizo kodi iliingia na amri ilitoka. Lau ningeulizwa na kijana anayetaka kuweka Uajemi wa Dario, au Buganda ya Mutesa, ndani ya mchezo wa kompyuta, ningemwomba aanze na njia kabla ya kumfikiria ndovu: habari za shambulio zimfikie mwenye njia mapema, kodi yake ikusanyike kwa wakati, jeshi lake liweze kukutana pale ambapo jeshi la adui, kama kete zilizotawanyika za omweso, haliwezi, na kila kituo kidai chakula chake katika hazina, kama vibao vya Persepolis vinavyoshuhudia.

Hapo atauliza, kwa haki, jinsi adui atakavyoweza kushindana na dola yenye fadhila hizo zote, naye atavutwa kuwadhoofisha askari wa Kiajemi ili mizani ikae sawa. Asifanye hivyo, kwa maana taarikhi imekwisha kumwekea jiwe la upande wa pili. Liwali mwenye njia nzuri na kodi nyingi ni liwali mwenye jeshi. Mwaka 401 kabla ya miladi Koreshi Mdogo, aliyepewa mamlaka ya majimbo ya magharibi, alikusanya askari, wakiwamo Wagiriki wa kukodiwa zaidi ya 10,000, akatoka Sardis akapita katikati ya dola hata Cunaxa, karibu na Babeli, kumpindua ndugu yake, na huko akauawa. Na mwezi wa Septemba 1888, wakuu wa Buganda, Waislamu na Wakristo pamoja, wengi wao wakiwa ni vijana waliokuzwa katika kasri na kupewa vyeo na bunduki na Kabaka Mwanga mwenyewe, walimwondoa Mwanga katika kiti chake, na vita vilivyofuata baina yao havikwisha upesi. Basi kila jimbo katika mchezo wa kijana huyo na liwe na liwali, na kila njia inayoboreshwa imwongezee liwali huyo nguvu pamoja na mfalme wake, ili mchezaji aliyejenga zaidi awe pia na wa kuwachunga zaidi. Na askari wa Dario waachwe na ushujaa wao.